Shahada sasa au kazi kwanza? Ulinganisho kwa muuguzi aliyemaliza stashahada

Umemaliza stashahada ya uuguzi, umefaulu mtihani wa leseni, na jina lako limeingia kwenye daftari la usajili. Mezani una barua mbili. Moja ni ya chuo kilicho tayari kukupokea kwa shahada ya kwanza, nyingine ni ya hospitali inayotaka uanze zamu mwezi ujao. Wapo wanaokuambia usome ungali na nguvu na kichwa chepesi. Wapo wanaokuambia uingie kazini, masomo hayana mwisho. Pande zote mbili zina hoja za kweli, ndiyo maana uamuzi huu huwakosesha watu usingizi.

Nitasema msimamo wangu mapema. Kwa walio wengi naamini kazi itangulie, kwa miaka miwili hadi mitatu, katika wodi inayofundisha, na tarehe ya kurudi darasani iwe imeandikwa kabla ya zamu ya kwanza. Wapo ambao ushauri huu hauwafai kabisa, nao nitawafikia. Kipimo ninachotumia ni hiki: kati ya njia hizi mbili, ipi ukiiacha leo itakuwa vigumu zaidi kuirudia?

Kinachofundishwa na kitanda cha mgonjwa

Chukulia mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo jana. Asubuhi alikuwa akipumua mara 16 kwa dakika. Saa sita mchana ni mara 20, saa tisa ni 24. Presha yake iko sawa. Joto limepanda kidogo tu. Mkojo kwenye mfuko umepungua na rangi yake imekolea. Ukimuuliza hali anasema hajambo, ila tangu mchana anavutavuta shuka na hataki mazungumzo.

Muuguzi aliyekaa miaka mitatu katika wodi ya upasuaji akiingia chumba hicho hasubiri presha ishuke. Anajua kwamba pumzi hubadilika mapema na presha huchelewa kuanguka, hasa kwa mgonjwa kijana ambaye mwili wake una nguvu ya kufidia. Anampigia daktari palepale, anaanza kupima kila baada ya dakika chache, anahakikisha kanyula, ule mrija mdogo wa mshipani, bado inapitisha maji, na anamwomba mwenzake asogeze oksijeni karibu. Muuguzi mpya, hata aliyetoka chuoni na alama za juu, mara nyingi ataziandika namba zilezile vizuri kabisa kwenye chati na kwenda kitanda kinachofuata, kwa sababu kila namba ikitazamwa peke yake haitishi. Huyo mpya si mzembe. Hajaona wagonjwa wa kutosha walioanza hivyo na wakaishia pabaya.

Madaktari wa Royal College of Physicians ya London walitoa mwaka 2012, na kusahihisha mwaka 2017, mfumo wa alama za tahadhari ulionuiwa kumsaidia muuguzi wa namna hiyo. Kupumua mara 21 hadi 24 kwa dakika kunapewa alama 2. Kupumua mara 25 na zaidi kunapewa alama 3, na alama 3 kwa kipimo kimoja zinatosha kudai mgonjwa akaguliwe haraka. Ni chombo kizuri na kimesambaa mbali. Hata hivyo, chati haina safu ya mtu anayevutavuta shuka. Hilo unalijua kwa kusimama pale, siku baada ya siku, ukiwa wewe ndiye utakayeulizwa.

Nasisitiza hilo la kuulizwa. Mwanafunzi anaweza kumaliza saa nyingi wodini na bado asibebe jukumu hata siku moja, kwa kuwa nyuma yake yupo mkufunzi, na nyuma ya mkufunzi yupo muuguzi mwenye leseni. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, mafunzo ya muuguzi wa kawaida hayaruhusiwi kuwa chini ya saa 4,600, na angalau nusu yake lazima iwe mafunzo kwa vitendo. Ni saa nyingi mno. Lakini muulize yeyote aliyezipitia, atakuambia kwamba zamu ya kwanza kwa leseni yake mwenyewe ilikuwa kitu kingine kabisa: wagonjwa wanane, dawa za saa mbili bado hazijatolewa, mmoja anarudishwa kutoka chumba cha upasuaji, ndugu wa mwingine wanadai maelezo mlangoni, na yeye ndiye wa kuamua nini kitangulie. Kupanga vipaumbele, kukabidhi zamu bila kusahau jambo, kumwamsha daktari usiku na kumweleza tatizo kwa sentensi tatu, kukaa na familia ambayo habari si njema, hayo hukomaa kazini.

Patricia Benner, mtafiti wa uuguzi wa Marekani, alieleza mwaka 1984 ngazi tano ambazo muuguzi hupanda tangu anapoanza hadi kuwa bingwa. Ngazi ya tatu, ambapo mtu anaweza kupanga kazi yake na kuisimamia kwa uhakika, aliihusisha na miaka miwili au mitatu katika mazingira yaleyale au yanayofanana. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayosahauliwa. Miaka mitatu ya kuhamishwa kila baada ya miezi minne, leo wodi ya watoto, kesho kliniki, keshokutwa mapokezi, haikupi kile ambacho miaka mitatu ya wodi moja inakupa.

Kinacholetwa na shahada

Wapo wauguzi wa muda mrefu wanaosema shahada ni karatasi tu. Siwaungi mkono, na ushahidi hauwaungi mkono.

Mwaka 2014 Linda Aiken na wenzake walichapisha katika jarida la tiba la Lancet utafiti uliogusa hospitali 300 katika nchi 9 za Ulaya, wakichunguza kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 420,000 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea waliofanyiwa upasuaji wa kawaida. Kila ongezeko la asilimia 10 la wauguzi wenye shahada katika hospitali liliambatana na kupungua kwa asilimia 7 kwa uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 tangu alazwe. Hizo ni roho za watu. Anayedharau shahada ana kazi ya kueleza namba hizo.

Ila isome kwa makini. Utafiti huo ulilinganisha hospitali na hospitali. Hausemi kwamba muuguzi fulani mwenye shahada aliyemaliza jana ni salama kuliko mwenye stashahada aliyekaa wodini miaka minane. Na utafiti huohuo ulipata jambo la pili ambalo wanaonadi vyuo hawalitaji: kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa kifo. Kwa hiyo elimu inaokoa maisha, na idadi ya wauguzi wodini inaokoa maisha. Wewe unayeamua kuhusu maisha yako unapaswa kuyashika yote mawili.

Shahada inampa nini hasa muuguzi? Turudi kwa yule mgonjwa. Muuguzi aliyesoma kwa kina anajua ni kwa nini pumzi inapanda: tishu zinakosa oksijeni ya kutosha, zinatengeneza asidi, na mwili unakazana kupumua ili utoe hewa ya ukaa na kupunguza ukali huo wa damu. Daktari akimjibu kwenye simu kwamba mgonjwa ana maumivu tu, ampe dawa ya maumivu, muuguzi huyu ana hoja ya kurudisha. Mwenye uzoefu peke yake atasema, "Daktari, huyu mgonjwa simwelewi." Wapo madaktari wanaoiheshimu sentensi hiyo, na wapo wasioiheshimu.

Kingine ni ujasiri wa kuuliza utaratibu wenyewe. Kwa miaka mingi hospitali nyingi zilibadilisha kanyula ya mkononi kila baada ya siku tatu au nne, iwe ina shida au haina, kwa hofu ya mshipa kuvimba. Mgonjwa anachomwa upya, vifaa vinatumika, muuguzi anapoteza muda. Mwaka 2012 timu ya Australia iliyoongozwa na muuguzi, Claire Rickard, ilichapisha jaribio lililohusisha wagonjwa 3,283: nusu walibadilishiwa kwa kalenda, nusu walibadilishiwa pale tu palipokuwa na sababu. Uvimbe wa mshipa ulitokea kwa kiwango kilekile, asilimia 7, kwa makundi yote mawili. Mikono ya kila siku inaweza kuhisi kwamba utaratibu fulani hauna maana. Kuthibitisha, na kuwafanya wengine wabadilike, kunataka mtu anayejua kusoma takwimu na kuunda jaribio. Hilo ndilo somo la shahada na yanayofuata baada yake.

Sasa mpangilio. Hoja yangu si kwamba shahada haifai, bali kwamba inamshika vizuri zaidi mtu aliyekwisha kuona. Mwanafunzi aliyetoka moja kwa moja stashahada huingia darasa la takwimu akitafuta alama. Aliyetoka wodini huingia na swali lake: kwa nini wagonjwa wetu wa nyonga wanapata vidonda vya kulala kuliko wa wodi ya jirani? Huyu wa pili hahitaji kushawishiwa kwamba somo lina kazi.

Kipi kinachakaa, kipi kinasubiri

Hapa ndipo kipimo nilichokitaja mwanzoni kinafanya kazi yake.

Ustadi wa mikono ambao haujaota mizizi hupotea haraka. Mfano unaojulikana vizuri ni kufufua mgonjwa ambaye moyo umesimama: watu waliofundishwa wakafaulu huanza kupungukiwa uwezo ndani ya miezi mitatu hadi sita wasipofanya mazoezi, wakati cheti kwa kawaida hudumu miaka miwili. Aliyefufua mara nyingi kwa miaka kadhaa ana msingi wa kurudia hata akikaa pembeni muda mfupi. Aliyefanya mara chache akiwa mwanafunzi hana. Ukienda shahada moja kwa moja unaukatisha ustadi wako ukiwa mchanga, na utakapotoka utaonekana kwenye karatasi kama mtu wa ngazi ya juu, huku mikono yako ikiwa ya mtu anayeanza. Wodi itakutarajia uongoze zamu. Wasaidizi watakuuliza maswali ambayo huna majibu yake. Ni nafasi ngumu, na inawaumiza vijana wengi wazuri.

Tabia ya kusoma nayo huchakaa, lakini taratibu, na kwa ninavyoona hurudi. Muhula wa kwanza ni mgumu kwa aliyekaa nje ya darasa miaka mitatu, wa pili unakuwa wa kawaida.

Kinachotisha upande wa kazi si ubongo, ni maisha. Mshahara ukianza kuingia unapata wenyewe kabla hujaupanga. Ndugu wanakutegemea, mkopo wa hapa na pale, ndoa, mtoto, kodi ya nyumba kubwa kidogo kuliko ya mwanzo. Baada ya miaka mitano, kurudi chuo si suala la kujaza fomu tena, ni kupunguzia watu wengine chakula. Nimewaona wauguzi wenye vichwa vya ajabu wakisema "mwakani" mpaka vijana waliofundishwa kazi na wao wakawa wakubwa wao. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote kwa anayetaka kwenda chuo moja kwa moja, na sitaki kuipunguza. Kama unajijua kwamba wewe ni mtu wa kumezwa na majukumu, na kwamba hakuna atakayekukumbusha, ihesabu kwa uzito wake wote.

Dawa yake ninayoiamini ni kuifanya tarehe iwe kitu cha kushikika. Andika mwezi na mwaka wa kuomba chuo. Fungua akiba ya masomo kwenye mshahara wa kwanza kabisa, kabla mtu yeyote hajajua unapata kiasi gani. Chukua nakala za matokeo yako zilizothibitishwa sasa, wakati chuo chako bado kinakukumbuka. Usipoteze mawasiliano na mwalimu atakayekuandikia barua ya mapendekezo. Na kila mwaka fanya kozi moja fupi yenye mtihani, hata ya wiki mbili, ili kichwa kisisahau kukaa kitako.

Pesa

Watu hulinganisha ada na mshahara wa mwezi, hesabu ambayo haijakamilika. Gharama ya kwenda chuo sasa ni ada, pamoja na mishahara yote ambayo hutaipata kwa miaka ya masomo, pamoja na riba kama unasoma kwa mkopo. Faida yake ni tofauti ya mshahara kati ya mwenye stashahada na mwenye shahada, mara miaka utakayofanya kazi. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama mwajiri unayemlenga anatoa tofauti hiyo kweli. Zipo hospitali ambapo mwenye shahada na mwenye stashahada wanasimama zamu moja kwa mshahara unaokaribiana, na tofauti huonekana tu kwenye kupanda cheo. Uliza mapema, waulize wanaofanya kazi pale, usiishie kwenye tangazo.

Upande wa kazi una jambo moja tamu: waajiri wengine hulipia masomo ya wafanyakazi wao, au hutoa ruhusa ya masomo yenye mshahara. Mara nyingi sharti ni kurudi na kutumikia miaka kadhaa. Soma mkataba huo mstari kwa mstari. Tafuta kinachosemwa kuhusu kulipa gharama ukiondoka mapema, na kama unaruhusiwa kuchagua kozi au wanakuchagulia.

Ukipata ufadhili kamili leo, ambao hauwezi kuahirishwa, hesabu yote inageuka. Nenda.

Leseni na milango ya mbele

Dunia inaelekea kwenye shahada, tupende tusipende. Uingereza tangu mwaka 2013 inawaandaa wauguzi wapya kwa kiwango cha shahada. Jimbo la New York lilipitisha mwaka 2017 sheria inayowataka wauguzi wapya wanaoanza kazi bila shahada waipate ndani ya miaka 10. Ninaipenda sheria hiyo kwa jambo moja: inakubali kwamba mtu anaweza kuanza kazi, halafu inamkatalia kusahau darasa. Ni ushauri wangu uleule, ila wao wamempa muuguzi muda mrefu kuliko ningempa mimi.

Ukitaka kufika mbali zaidi, angalia masharti ya huko kabla hujaamua hapa. Baraza la Kimataifa la Wauguzi, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linaweka shahada ya uzamili kuwa kiwango cha chini kwa muuguzi wa ngazi ya juu, yule anayechunguza, kugundua ugonjwa na kuandika dawa. Kwa kawaida huwezi kufika uzamili bila kupitia shahada ya kwanza, kwa hiyo mwenye ndoto hiyo asikae miaka minane akijiambia bado anapata uzoefu. Lakini tazama upande wa pili. Marekani, muuguzi anayetaka kusomea kutoa dawa za usingizi lazima awe amefanya kazi na wagonjwa mahututi kwa angalau mwaka mmoja wa muda wote kabla ya kuanza mafunzo, na mafunzo yenyewe sasa humalizikia kwenye shahada ya uzamivu, iliyo juu ya uzamili. Yaani hata ngazi ya juu kabisa ya kitaaluma inarudi kuuliza: ulisimama kwenye kitanda gani, kwa muda gani?

Wanaofikiria kuhamia nchi nyingine wanapaswa kuangalia pia sharti la kazi ya karibuni. Nchini Uingereza, kwa mfano, muuguzi anayehuisha usajili lazima aonyeshe saa 450 za kazi ndani ya miaka 3 iliyopita. Mtu anayesoma muda wote bila kugusa zamu anaweza kujikuta ana vyeti vizuri na saa pungufu. Kila baraza la uuguzi linalosajili lina kanuni zake. Pata za baraza lako kwa maandishi.

Mwaka wa kwanza kazini utakuumiza

Marlene Kramer aliandika mwaka 1974 kuhusu mshtuko unaowapata wauguzi wapya wanapogundua kwamba wodi haifanani na walichofundishwa: wiki chache za furaha, kisha hasira na kukata tamaa, kisha kupona taratibu. Zaidi ya miaka hamsini baadaye, maelezo yale bado yanafaa kila kundi jipya. Nalitaja kwa sababu wengi hukimbilia chuo katikati ya mshtuko huo, mwezi wa tano au wa saba, wakidhani wanapenda kusoma kumbe wanakimbia wodi. Usifanye uamuzi wa masomo katika miezi hiyo. Ukiumia, zungumza na muuguzi mwenye umri kazini, omba kubadilishiwa wodi, lala. Na anayekwenda shahada moja kwa moja hajauepuka mshtuko, ameuahirisha tu, na utamkuta matarajio juu yake yakiwa makubwa zaidi.

Kufanya yote mawili kwa pamoja

Vipo vyuo vinavyofundisha jioni, mwisho wa wiki au kwa njia ya intaneti, na kwa mtu mwenye stashahada na leseni hii mara nyingi ndiyo njia inayowezekana. Naiheshimu, na naiogopa. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2004 kuhusu saa za kazi za wauguzi ulionyesha kwamba uwezekano wa kufanya kosa ulikuwa mara tatu kwa waliofanya kazi saa 12 na nusu au zaidi kwa mfululizo. Ukitoka zamu ya usiku ukaingia darasani, kisha ukarudi zamu, mgonjwa wako anampata muuguzi aliyechoka, na darasa linampata mwanafunzi anayesinzia.

Inawezekana pale ambapo hospitali inakubali kupunguza zamu zako, au kuzipanga kwa kufuata ratiba ya masomo, na ikaandika hivyo. Inawezekana pia ukisubiri mwaka wa kwanza wa kazi upite kwanza. Kuanza kazi mpya na masomo mapya mwezi mmoja, sijaona mtu akifanya vizuri katika yote mawili.

Basi uende wapi?

Nenda chuo moja kwa moja kama una ufadhili usiosubiri. Kama nchi unayotaka kufanyia kazi haisajili mtu asiye na shahada. Kama lengo lako tangu zamani ni kufundisha au kufanya utafiti na unajua hivyo kwa hakika, si kwa kuchoka. Au kama eneo ulilopo halina ajira ila za kujitolea bila malipo wala msimamizi. Katika hali hizo, tafuta zamu chache kila mwezi wakati wa masomo, hata za likizo tu, ili mikono isilale.

Anza kazi kama huna hakika unataka kubobea katika nini, maana ni ajabu jinsi watu wanavyobadilika: aliyeapa atakuwa mkunga anajikuta hawezi kuacha chumba cha wagonjwa mahututi. Anza kazi kama ada ingekuja kwa deni zito. Anza kazi kama ulifaulu mitihani vizuri lakini ukishika sindano bado moyo unakudunda, kwa sababu hofu hiyo haitibiwi na kitabu.

Ukichagua kazi, chagua wodi kwa uangalifu uleule ambao ungechagulia chuo. Kwenye usaili nawe uliza. Muuguzi mpya anakaa na msimamizi kwa wiki ngapi kabla ya kuachiwa wagonjwa peke yake? Zamu ya usiku ina wauguzi wangapi kwa wagonjwa wangapi? Wangapi kati ya walioajiriwa mwaka juzi bado wapo? Kuna aliyekwenda kusoma na akarudi? Wakikujibu wazi, ni ishara njema. Wakikwepa hilo la usiku, angalia penginepo kama una nafasi ya kuangalia. Wodi ya magonjwa ya kawaida au ya upasuaji ni mwanzo mzuri kwa wengi kwa kuwa unaona kila kitu. Kliniki ya nje yenye saa nzuri za kazi inavutia, lakini kwa mwaka wa kwanza inakunyima mengi. Ukishaajiriwa, omba kubaki katika wodi moja kwa angalau miezi 18 kabla ya kukubali kuzungushwa.

Dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 mwaka 2023, na kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani bado kulikuwa na upungufu wa milioni 5.8. Pengo hilo halijagawanyika sawa, na katika maeneo mengine wauguzi wenye leseni wanakaa bila ajira wakati wodi zina wagonjwa wawili kitanda kimoja. Lakini linakupa nguvu ya kujadiliana kubwa kidogo kuliko unavyodhani, na chuo nacho kinahitaji wanafunzi walio tayari.

Kwa hiyo kabla hujaikataa barua yoyote kati ya hizo mbili, andika kwa chuo uulize kama udahili unaweza kuahirishwa kwa mwaka mmoja au miwili, sharti lake ni nini, na kama ufadhili unaahirishwa pamoja nao. Uliza hospitali, kwa maandishi, mfanyakazi anaruhusiwa kuomba masomo baada ya muda gani. Majibu ya barua hizo mbili fupi yanaweza kukuonyesha kwamba hulazimiki kupoteza kimoja ili upate kingine. Ziandike wiki hii, kabla tarehe ya mwisho ya kuthibitisha haijapita.